Umejaza Kikapu Mtandaoni, Umefika Pa Kulipa, Halafu Ukaingia Mitini: Hii Ndio Sababu

Hebu toa simu. Fungua ile apu yako ya kununua vitu, ingia kwa kikapu, ucheki. Kuna kitu kimelala hapo, si ndio? Pengine ni blenda. Pengine ni zile ndula nyeupe uliona usiku ukiwa umejifunika blanketi, ukachagua saizi, ukachagua rangi, ukafika hadi pale pa kulipa, halafu ukalenga. Hukumkosea mtu. Uliweka simu chini, ukalala.

Usijione mbaya, mko wengi. Baymard Institute, watafiti wa Denmark ambao kazi yao ni kuchunguza maduka ya mtandaoni, wamekusanya tafiti nyingi za miaka mingi na wastani wao ni karibu 70%. Yaani kati ya vikapu 10 vinavyojazwa, 7 hivi vinaachwa hapo hapo. Fikiria supamaketi yenye watu 10 wamejaza matroli, halafu 7 wanayaacha katikati ya duka na kutoka kwa mlango wakiangalia simu. Meneja angeita polisi.

Na hapo ndio tofauti ya kwanza iko. Troli ilianzia Marekani mwaka wa 1937, jamaa anaitwa Sylvan Goldman wa Oklahoma City alitaka wateja wake wabebe vitu vingi kuliko mkono unavyoweza. Ukishasukuma hicho kitu hadi kwa laini ya keshia, kuna macho ya watu. Kuna mathe nyuma yako na unga. Ukisema "aah, nimebadilisha nia," utaonekana umesota. Mtandaoni hakuna mathe. Hakuna anayekuona ukihepa. Kuweka kitu kwa kikapu ni bure, kukiacha ni bure, na aibu ni sufuri.

Ndio maana wengi wetu hatutumii kikapu kama kikapu. Tunakitumia kama daftari. Ni tarehe 17, mshahara ni mwisho wa mwezi, unaona kitu unapenda, unakiweka hapo usisahau. Wengine wanajaza ndio tu wajue jumla inafika ngapi. Wengine ni kuoshea macho, kama venye watu hupitia Moi Avenue Jumamosi wakiangalia madirisha na mfukoni kuna fea ya kurudi keja pekee. Hao hakuna muuzaji anaweza kuwafanyia kitu, na asijisumbue. Baymard wenyewe wakiuliza wanunuzi wa Marekani kwa nini walihepa, huwa wanawatoa hao wa kuangalia tu kwanza, halafu ndio wanahesabu sababu za wale waliobaki. Wale waliokuwa na doo, waliokuwa wanataka kitu, na bado wakatoka.

Hao ndio stori.

Bei iliyojificha

Sababu inayoongoza kwa hizo hesabu ni gharama za ziada: usafirishaji, ushuru, ada sijui ya nini. Hiyo ni Marekani. Sasa leta hapa kwetu.

Chukua mfano. Dem ameona gauni ya 800. Kichwani mwake gauni ni 800, amekubali, ameshajiona nayo kwa harusi ya binamu. Anabonyeza, anabonyeza, anaandika anakaa Rongai, na pale mwisho kabisa inatokea delivari: 300. Jumla 1,100. Hiyo soo tatu imeongeza bei kwa zaidi ya theluthi moja, na haijaongeza hata kifungo kimoja kwa gauni. Anaanza kupiga hesabu za matatu. Kwenda tao na kurudi ni pesa ngapi? Ah, nitajiendea Jumamosi. Jumamosi inafika, haendi. Gauni haikununuliwa mtandaoni na haikununuliwa tao.

Sasa angalia kitu cha kushangaza. Ungemwambia tangu mwanzo gauni ni 1,100 na delivari ni bure, kuna uwezekano mkubwa angelipa. Pesa ni ile ile. Lakini bei ya kwanza tunayoona ndio inakuwa kipimo, kila kitu kinachokuja baadaye kinahesabiwa kama hasara. Ni kama kondakta kukuambia mbao pale steji halafu mkifika njiani anasema ni finje. Hasira haitokani na ile thelathini. Inatokana na kuchezwa.

Kuagiza nje ni mbaya zaidi ju kuna tabaka mbili. Bei iko kwa dola, unaigeuza kichwani, unaona ni nafuu. Halafu usafiri. Halafu mzigo ukifika kuna mambo ya forodha na VAT ya 16%, na mara nyingi hiyo hesabu haikuonyeshwa popote ulipokuwa unachagua. Msee akishapigwa na hiyo mara moja, mara ya pili akifika ukurasa wa kulipa anakumbuka, mkono unatetemeka, anatoka.

Fomu ya watu wa Ulaya

Umewahi kuulizwa "msimbo wa posta" na tovuti, ukakaa hapo ukijiuliza kama una kitu kama hicho? Huku kwetu barua haziji mlangoni. Tuko na masanduku ya posta, na wengi wetu tunatumia ya shule tuliyosomea ama ya ofisi ya mjomba. Anwani ya kweli ya Mkenya ni kitu kama: shuka steji ya pili baada ya petroli, fuata barabara ya vumbi, ukiona duka la M-Pesa la kijani uliza nyumba za mama fulani, geti nyeusi. Hakuna kisanduku cha hiyo kwa fomu. Tovuti inang'ang'ana na jina la jimbo, namba ya nyumba, jina la mtaa, na nyota nyekundu inasema huwezi endelea bila kujaza. Watu wanajaza 00100 tu yaishe, hata kama wako Kitengela. Wengine wanachoka.

Halafu kuna ile ya kufungua akaunti. Unataka kununua chaja ya 600, unaambiwa weka barua pepe, tunga nywila yenye herufi kubwa, namba na alama, thibitisha, rudi kwa barua pepe ubonyeze, na siku ya kuzaliwa pia tafadhali. Kwa chaja!

Kuna kisa maarufu kwa watu wa kutengeneza tovuti, Jared Spool wa Marekani ndiye alikiandika. Duka kubwa la mtandaoni, hakulitaja jina, lilikuwa linalazimisha watu kujisajili kabla ya kulipa. Wateja wapya walikuwa wanachukia. Wa zamani nao walikuwa wamesahau nywila. Wakaondoa kile kitufe cha kujisajili, wakaweka kimoja kilichosema tu "endelea", na maelezo mafupi kwamba huhitaji akaunti kununua. Kulingana na Spool, mauzo ya mwaka wa kwanza yalipanda kwa dola milioni 300. Kitufe kimoja.

Amazon walikuwa wameelewa hiyo kitu mapema sana. Walichukua hataza ya kununua kwa kubonyeza mara moja tu, wakaipata 1999, na wakailinda hadi ikaisha 2017. Mtu anayelinda kitufe miaka hiyo yote anajua kila hatua unayomwongezea mteja ni mlango wa kutokea.

Kuhusu spidi sitakaa sana. Unajua mwenyewe. Uko kwa mat, bandoz ni za saa moja, picha zinafunguka kidogo kidogo kama pazia, halafu inakwambia pakua apu na simu yako imejaa hadi haiwezi kuchukua selfi. Google walisema 2016 kwamba 53% ya watu wanaoingia tovuti kwa simu wanaondoka ikichukua zaidi ya sekunde 3. Sekunde tatu! Sisi tuna subira kuliko hao, lakini si sana.

Hapo kwa M-Pesa

Tangu 2007 tumezoea kulipa kwa njia moja, na tumeharibika. Mkenya akiona ukurasa unaomba namba 16 za kadi, anauliza, mbona hawana M-Pesa? Wengi hawana kadi, na wenye kadi wengi hawajawahi kuifungua itumike mtandaoni, au wanaogopa. Safaricom na Visa walileta kadi ya GlobalPay mwaka wa 2022, unalipa tovuti za nje kutoka kwa M-Pesa yako, lakini bado kuna wasee wengi hawajui iko.

Hata pale M-Pesa ipo, kuna njia mbili na hazifanani. Njia poa: unaandika namba yako, dirisha linaruka kwa skrini, unaweka PIN, imeisha. Njia ngumu: unaambiwa enda M-Pesa, Lipa na M-Pesa, Paybill, andika namba hii, akaunti ni namba ya oda, herufi kubwa, halafu rudi hapa uandike ile kodi ya risiti. Sasa fikiria umetoka kwa tovuti kwenda M-Pesa. Njiani umeona salio. Salio limekukumbusha rent. Tayari biashara imekufa.

Na ile njia poa nayo ina ugonjwa wake. Dirisha la PIN halisubiri, ukichelewa kidogo linapotea. Wakati mwingine haliji kabisa. Unabonyeza tena. Yote mawili yanakuja pamoja. Unaogopa utakatwa mara mbili, unaghairi yote. Muuzaji akiangalia kwa kompyuta yake anaona tu "haikukamilika" na anadhani ulibadilisha nia.

Kwani nikituma na asilete?

Hapa ndio nataka tukae, ju hizo zingine zote zinaweza kurekebishwa na fundi wa tovuti. Hii hapana.

Kila mtu unayemjua ana hii stori. Kama haikumfika yeye, imefika dada yake. Alituma 2,500 ya viatu, akapata picha ya mfuko umefungwa, akaambiwa mtu wa nduthi ameshatoka, halafu namba ikazima na ukurasa ukam-block. Ama alilipa sofa ya ngozi na ikaja kitu cha plastiki kinanuka rangi. Zile picha za "nilichoagiza" na "nilicholetewa" tunacheka nazo mtandaoni, lakini mtu aliyekulwa doo yake ya chama hacheki. Na kila picha kama hiyo inapozunguka, wauzaji waaminifu mia moja wanapoteza mteja mmoja mmoja bila kujua.

Ndio maana lipa ukipata ilishika sana huku, na maduka makubwa kama Jumia na Kilimall yalijua mapema. Si eti hatuna pesa. Tunataka kuona kitu kwanza. Mama yako hanunui nyanya Marikiti bila kuifinya, sasa wewe utumie mtu usiyemjua pesa kwa sababu ya picha?

Lakini sikiza upande wa pili, ju huwa hatuusikizi. Kuna beshte yangu anauza handibegi kutoka kwa chumba chake Umoja. Hana duka, ana kitanda, kioo na taa ya duara. Mteja anaagiza, anasema "nitalipa ikifika." Anamlipa mtu wa nduthi hadi Ruaka. Nduthi ikifika, simu ya mteja imezimwa. Mkoba unarudi, na nduthi inataka fea ya kurudi pia. Hiyo ni 700 imeenda na hajauza kitu, na faida kwa mkoba ilikuwa 400. Ikitokea mara tatu kwa wiki, hakuna rent. Siku ya nne anaandika kwa ukurasa wake kwa herufi kubwa: MALIPO KABLA YA DELIVARI. Na wewe ukiona hivyo unasema, huyu ni konmani.

Mmoja anaogopa kutuma pesa, mwingine anaogopa kutuma mzigo. Wote wawili wana sababu. Kila mmoja akikaza, oda inafia katikati, na hakuna aliyemkosea mwenzake.

Wanaotoka hapo ni wale wanaopata njia ya katikati. Kuna wanaoomba mteja alipe fea ya nduthi kwanza na bei ya kitu ikifika. Mteja akizima simu, angalau fea haikutoka kwa mfuko wa muuzaji, na mteja naye hajahatarisha zaidi ya soo mbili tatu. Kuna wanaotumia sehemu za kuchukulia mzigo mtaani, unaenda dukani karibu na kwako wakati wako. Hiyo inamaliza ule mchezo wa "niko kwa mkutano, mwambie aningoje," na pia ni nafuu kuliko nduthi ya mtu mmoja.

Na wewe mnunuzi una silaha ndogo ndogo. Kabla pesa haijaenda, M-Pesa inakuonyesha jina la unayemtumia. Lisome. Duka linaitwa hivi na tili inasoma jina lingine kabisa? Uliza kwanza. Tili yenye jina la biashara inampa mtu kazi kidogo ya kujisajili, konmani hupenda namba ya simu ya kawaida. Na usidanganyike kwamba ukitapeliwa utatuma meseji kwa 456 na pesa irudi. Hiyo ilitengenezewa pesa iliyoenda namba isiyofaa, na konmani akishatoa, hakuna cha kurudisha. Sheria nayo iko upande wako kuliko unavyodhani: Sheria ya Kulinda Walaji ya 2012 inasema kwa makubaliano ya mtandaoni muuzaji lazima akupe maelezo kabla, na akupe nafasi wazi ya kukubali, kukataa na kurekebisha makosa. Ni vile hakuna mtu ataenda kortini kwa sababu ya viatu vya 2,500.

Bei ni inboksi

Siwezi maliza bila hii. Nani aliwaambia wauzaji wa Instagram kwamba bei ni siri?

Umeona kitu saa tatu usiku. Moyo uko moto. Chini imeandikwa "bei DM." Unaandika "hi, ni pesa ngapi?" Kimya. Unaamka, kimya. Saa tano asubuhi anajibu: "Hi dia, unauliza gani?" Saa hiyo wewe uko kazini, bosi yuko nyuma yako, moto ulishazima na hata hukumbuki ilikuwa ya rangi gani. Wauzaji wanasema wanaficha ili washindani wasiwapige bei, na wengine wanasema ukiandika DM Instagram inasukuma ukurasa wao mbele. Sawa. Lakini mteja anasoma kitu kingine: huyu anataka kwanza aangalie picha zangu ndio ajue atanikata ngapi. Na ukweli usemwe, kuna wanaofanya hivyo.

Beshte yangu wa handibegi aliacha hiyo. Sasa bei iko juu ya picha, na kwa ukurasa amebandika orodha ya mitaa na fea yake: tao bure, Eastlands hivi, Rongai hivi, nje ya Nairobi kwa gari za parseli hivi. Anasema maswali yamepungua nusu. Nikamuuliza kama hiyo si mbaya, akanicheka. Wanaouliza siku hizi wanauliza kitu kimoja tu: "Iko ya nyeusi?" Huyo ni mtu anayenunua.

Nikupe ya mwisho, ya wajanja. Maduka makubwa yakiona umeacha kikapu hukutumia ujumbe, "umesahau kitu," na ukizidi kukaa kimya wakati mwingine kuponi inafuata. Kuna watu wanajua hivyo na wanaacha vikapu makusudi, wanangoja siku mbili, wanalipa na punguzo. Jaribu, hakuna sheria umevunja. Ila usijaribu kwa muuzaji wa mitumba wa Instagram. Yeye hana kuponi, na ile jaketi ilikuwa moja tu. Ukirudi kesho utakuta ameandika "SOLD" juu yake, na mtu mwingine ameshaivaa.